Kamba ya Kumbi na Sufuria ya Mwani

"Yeo twala nyasi?" Mama aliuliza bila kuinua macho. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, na nusu ya kifuu ilikuwa ishakuwa nyeupe tupu. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya meko na sufuria ya pilau, ile kubwa ambayo hapendi iguswe bila harusi. Ndani yake mlikuwa na mwani uliolala majini usiku kucha. Nilipouroweka ulikuwa konzi chache za vijiti vikavu vyenye chumvi iliyoganda. Asubuhi ulikuwa umefura na kujaa sufuria nusu, wa rangi ya manjano iliyofifia, matawi yanateleza kama gegedu la kuku.

Nilimwambia si nyasi, ni mwani. Akasema mwani ameuona miaka yote ya maisha yake na hajaona mtu akiutia mdomoni. "Hata mbuzi hali hivi," akaongeza, na nikajua kwamba tui lile alikuwa halikamui kwa ajili yangu.

Mambo haya yalianza na barabara. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño ziliujaza mto Tana, na barabara ya kutoka Garsen kupitia Witu ikakatika, maji yakatanda Gamba na Lango la Simba. Aliyewahi kukaa kisiwani anajua maana yake. Unga, mchele, sukari, vitunguu, viazi, vyote huja kwa lori mpaka Mokowe, kisha hupakiwa mashuani kuvuka Amu, yaani kisiwa chetu cha Lamu. Lori lisipofika Mokowe, hata uwe na pesa mfukoni, utakuwa unaangalia rafu. Duka ninalonunua lilibakiwa na sabuni, tambi na majani ya chai. Mwenye duka alikaa nje kwenye baraza kwa sababu ndani hapakuwa na la kufanya.

Haikuwa njaa. Samaki walikuwapo, muhogo ulikuwapo kwa wenye mashamba, na vitu vingine vililetwa kwa njia ya bahari. Lakini usiku mmoja nililala nikihesabu: ikiwa kipande cha barabara kinatufanya hivi kwa majuma machache, itakuwaje siku ambayo si barabara ya Garsen iliyokatika bali mavuno ya dunia nzima? Mtu akishaanza kuwaza hivyo usiku, hapati usingizi tena. Nikaanza kusoma.

Nilichokuta ni kwamba wapo watu ambao kazi yao ya kila siku ni swali hilo. Mwaka 2022 wanasayansi Lili Xia, Alan Robock na wenzao walichapisha hesabu ya vita vya nyuklia. Moto wa miji inayoungua hupandisha masizi mpaka tabaka la juu la anga, huko kusikonyesha mvua ya kuyaosha, nayo hukaa miaka yakilizuia jua. Ardhi inapoa, mvua zinapungua, mashamba yanakufa. Vita kati ya Marekani na Urusi, kwa hesabu yao, vingeweza kuua kwa njaa zaidi ya watu bilioni 5, wengi wao katika nchi ambazo hazikurusha hata jiwe. Hata India na Pakistani peke yao wakipigana, wangekufa njaa zaidi ya bilioni 2.

Na si lazima iwe vita. Aprili 1815 mlima Tambora ulilipuka kule Sumbawa, Indonesia. Mwaka uliofuata, Juni, theluji ilianguka kaskazini mashariki mwa Marekani, na Ulaya nafaka zikaoza mashambani. Wakulima wale hawakujua kwamba mwenye kuwafungia jua ni mlima mmoja upande wa pili wa dunia.

Basi katika kutafuta nini kinaweza kuliwa jua likififia, ndipo mwani unapoingia. Shirika la ALLFED, lililoanzishwa 2017 na David Denkenberger na wenzake, hushughulika na chakula cha wakati wa majanga makubwa namna hiyo. Mwaka 2024 watafiti wakiongozwa na Florian Ulrich Jehn walitoa hesabu yao juu ya mwani baada ya vita vya nyuklia. Kuna jambo ndani yake nililolisoma mara mbili. Vita vikiwa vikali zaidi, mwani unaota vizuri zaidi. Sababu ni kwamba anga likipoa, maji ya juu ya bahari nayo hupoa na kuwa mazito, yanazama, na ya chini yanapanda yakibeba mbolea iliyokuwa imelala gizani. Mwani hauhitaji mvua, wala shamba, wala samadi. Unataka mwanga kidogo, joto la wastani na maji yenye rutuba, na bahari za huku kwetu katikati ya dunia ndizo zitakazochelewa kupoa.

Wao walisema kwamba ndani ya miezi 9 hadi 14 mashamba ya mwani yangeweza kupanuliwa mpaka yashike nafasi ya maana katika chakula cha dunia. Lakini katika chakula cha mtu, wameuwekea mpaka: asilimia 15. Si kwa sababu ya uhaba. Ni kwa sababu ya madini joto, hiyo ayodini inayotiwa kwenye chumvi tunayonunua. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Gramu moja tu ya mwani mkubwa wa bahari za baridi, kama ule Wajapani wanaouita kombu, yaweza kubeba mara kumi ya hapo. Ukikosa madini joto unaota rovu, na ukiyazidisha sana tezi hiyohiyo ya shingo inaharibika. Kuroweka na kuchemsha kisha kumwaga maji kunapunguza mengi, na ndiyo maana sufuria yangu ililala usiku.

Kabla ya sufuria, hata hivyo, nilijiaibisha Shela. Nilikwenda asubuhi na gunia, wakati wa kusi, pale ambapo bahari inatupa marundo yake ufuoni. Nikajaza gunia, nikabeba mpaka nyumbani, nikajiona tajiri. Jirani yangu mvuvi akachungulia, akatoa utepe mmoja mrefu wa kijani, akaukunja kidoleni. "Hii nyasi," akasema. "Ina mizizi, ina maua. Kasa hula hii. Mwani hauna mzizi." Alikuwa sahihi. Sehemu kubwa ya marundo yale ya kusi ni nyasi za baharini, wala si mwani, na sisi tunayaita yote mwani kwa mazoea. Nilirudisha gunia pwani usiku, ili nisionekane.

Na ule mwani wa kweli nao si wote wa kuliwa. Kuna jamii ya mwani wa kahawia unaoitwa hijiki, ambao mwaka 2004 serikali ya Uingereza iliwaonya watu wake wasiule kwa sababu ya zarniki, yaani sumu ya aseniki, iliyomo. Guam, mwaka 1991, watu 13 waliugua baada ya kula mwani mwekundu waliouchuma ufuoni, wa aina iliyokuwa ikiliwa hapo siku zote. Watatu wakafa. Mtu aliyeshikwa na njaa hatafuti kujua majina ya mimea. Ndiyo maana nasema anayetaka kuula mwani siku ya dhiki, heri aanze kuujua siku ya shibe.

Wa sufuriani ulitoka Kibuyuni, Kwale, karibu na Shimoni. Niliwahi kufika huko mara moja, wakati wa bamvua, maji yalipokupwa mpaka ukadhani bahari imehama. Kina mama walikuwa wameinama kwenye maji ya magoti, vigingi viwili vimekitwa mchangani na kamba imetandazwa kati yake, na kila baada ya kiganja na nusu kipande cha mwani kimefungwa kwa taitai, vikamba vyembamba vya kufungia. Kipande cha gramu 100, ukikiacha majuma sita na maji yakiwa mazuri, kinakaribia kilo. Wanavuna, wanakata mbegu, wanafunga tena. Mmoja alinionyesha tawi lililogeuka jeupe kama barafu na kukatika likiguswa. Maji yakipata moto sana mwani unaumwa hivyo. Wenzao wa Unguja, ambao walianza kilimo hiki 1989 huko Paje na Jambiani kwa mbegu kutoka Ufilipino, wamepoteza hivyo ile aina nene yenye bei nzuri, wengi wamebaki na ile nyembamba.

Karibu wote wanaolima hawauli. Wanaukausha, unauzwa kwa kilo kwa bei ambayo haifai kuandikwa, unasafirishwa ng'ambo na kutolewa karajinani, ute unaoshikilia aiskrimu na dawa ya meno. Kwa hiyo Mama ameshakula mwani mara nyingi tu, ila sikuthubutu kumwambia. Jina hilo karajinani limetokana na mwani wa Ireland ambao watu wa pwani yao huita carrageen, na ambao walikuwa wakiuokota miambani wakati viazi vilipooza kuanzia 1845. Njaa ile iliua watu kiasi cha milioni moja katika nchi iliyozungukwa na bahari pande zote. Sijui wewe unalionaje hilo. Mimi lilinikata maini.

Nikamwaga maji ya kwanza, nikachemsha, nikamwaga ya pili. Dakika chache zaidi na sehemu ya mwani ilianza kuyeyuka kuwa uteute. Nikaepua. Mama, bila kusema neno, akasogeza bakuli la tui zito, ndimu mbili na pilipili. Nikakata kitunguu. Ladha yenyewe haipo: kuna chumvi kidogo, halafu kuna kutafuna. Kwa tui na ndimu ukawa kitu kama achari isiyo na hasira. Watoto wa dada yangu walikula vijiko vitatu vitatu kwa sababu unalialia menoni. Mama alionja kimoja, akafikiri, akasema umepungua chumvi. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Saa tatu baadaye kila mtu alikuwa na njaa.

Hilo nalo liandikwe. Sehemu kubwa ya mwani huu ni maji, na ukikauka sehemu kubwa ni madini na huo ute, ambao tumbo la binadamu halina njia ya kuugeuza nguvu. Utakupa chumvichumvi za mwili, protini kidogo, utajaza nafasi. Hautashika mahali pa ugali. Asilimia 15 ya wale watafiti inatosha pia kwa sababu hiyo, na ndiyo maana wao waliupigia hesabu pia kama lishe ya mifugo. Kisiwa cha North Ronaldsay, Uskoti, kina kondoo waliojengewa ukuta kuzunguka kisiwa mwaka 1832 ili wabaki upande wa pwani, na mpaka leo wanaishi kwa mwani. Nilimwekea masalio yangu punda wa jirani mlangoni. Alinusa, akala machicha ya nazi yote, akauacha mwani mahali pake kwa ustadi ambao sikuutarajia. Punda wa Amu hajajengewa ukuta.

Usiku nikakaa na daftari. Tuseme nyumba ya watu sita, kila mmoja gramu 100 za mwani mkavu kwa siku. Ni nyingi, lakini nichukue hiyo kwa ajili ya kuhesabu. Majuma sita ni siku 42, kwa hiyo kilo 25. Kamba ya mita tano yenye vipande ishirini inatoa kilo 20 mbichi, ukitenga mbegu na kuukausha unabaki na kilo mbili hivi. Basi nyumba moja inataka kamba 13, yaani mita 65, na taitai zaidi ya mia mbili. Kaunti ya Lamu ilihesabiwa watu 143,920 mwaka 2019. Gawanya kwa sita, zidisha kwa 65. Nilirudia mara tatu kwa sababu sikuamini: zaidi ya kilomita 1,500 za kamba. Ni kutoka hapa mpaka Mombasa na kurudi, mara mbili, na bado kamba inabaki ya kufungia mashua.

Nikarudi kwenye ile makala ya akina Jehn nikaisoma tena nikiwa na jicho jipya, na ndiyo, nao wamehangaika na kamba. Ukurasa baada ya ukurasa. Mwani unajizidisha wenyewe, bahari ipo. Kinachotakiwa kiongezwe haraka ni kiwanda cha kusokota kamba. Na kamba ya Kibuyuni ni ya plastiki, inatoka kwenye mafuta, kiwanda na meli. Siku meli zimesimama, kamba inatoka wapi?

Hapo nikamkumbuka bibi yangu, Mungu amrehemu, na shimo lake.

Upande wa Matondoni, pale maji yanapofika wakati wa kujaa tu, alikuwa na shimo la makumbi. Nazi ikishafuliwa, makumbi hayatupwi. Unayafukia kwenye tope la pwani, unayawekea mawe juu, bahari inayaingia na kuyatoka miezi sita na zaidi mpaka nyama yake inaoza. Ukiyafukua yananuka, na harufu ile haitoki mikononi kwa sabuni yoyote. Kisha yanapigwa kwa gogo juu ya jiwe mpaka usumba unaachana nyuzinyuzi, unaoshwa, unaanikwa. Jioni bibi alikaa na mafungu mawili ya usumba mapajani, viganja vinasugua kwenda mbele, na kamba ikawa inatoka nyuma yake kama inazaliwa. Kamba ya kumbi haiogopi maji ya chumvi. Kwa kamba hiyo watu wa visiwa hivi walishona mitepe, vyombo vilivyokwenda baharini bila msumari hata mmoja. Kwa kamba hiyo tuliwambia vitanda, tulifungia fito na boriti za paa.

Mimi nilikuwa mtoto wa kukusanya usumba uliopeperuka. Sikuwahi kujifunza kusokota. Dada zangu wawili hawajui. Mama anajua nusu, anasema alichukia harufu. Kati ya watu ninaowafahamu kwa jina, anayejua kazi yote kuanzia shimo mpaka kamba ni shangazi yangu mmoja, na miaka yake ishapita sabini.

Wajapani wana kisa kinachonijia hapa. Kwa karne nyingi walilima nori, mwani wao wa kuliwa, bila kujua mbegu yake inalala wapi wakati wa joto. Walikita matawi baharini na kungoja. Baada ya vita ya pili ya dunia mavuno yakaanguka vibaya, na hawakujua waanzie wapi kurekebisha. Mwaka 1949 mwanamke Mwingereza, Kathleen Drew-Baker, ambaye hakuwahi kufika Japani, aligundua kwamba nori inapokuwa mbegu hujificha ndani ya makombe ya chaza. Wakamjengea mnara huko Uto. Lakini miaka kadhaa ilikuwa ishapita, na hiyo ilikuwa nchi yenye vyuo, yenye watafiti, kipindi cha amani.

Sisemi Lamu ianze kesho kulima mwani kwa hofu ya masizi. Mahali pa kujaribu papo: mikondo iliyokingwa na kusi, kama Mkanda kati ya Manda na bara, na vigingi pia, maana mikoko ya kaunti hii ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, ingawa kuikata kuna sheria zake na kuna sababu. Malindi wangepata taabu zaidi, maana mto Sabaki unawaletea tope mpaka bahari inakuwa nyekundu, na mwani hauoni jua ndani ya tope. Kuhusu ofisi, nilijaribu. Mtu niliyemkuta aliniuliza kama nina kikundi kilichosajiliwa. Nikasema nina shangazi.

Kwa hiyo mwezi uliopita tulikwenda Matondoni, mimi na watoto wale wawili waliokula mwani, na makumbi arobaini kwenye mkokoteni wa punda, yule yule mchaguzi. Shimo la bibi lilikuwa limefukiwa na mchanga, lakini shangazi alilipata bila kutafuta. Alitembea hatua kadhaa kutoka kwenye jiwe moja, akasimama, akapiga chini kwa mguu. Tulichimba mpaka maji yakaanza kuchuruzika pembeni. Tukapanga makumbi, mgongo juu, kama alivyoelekeza, tukaweka mawe, tukarudishia tope. Akachomeka ufito juu yake.

Mdogo akauliza kamba itakuwa tayari lini, kesho au kesho kutwa.

"Mpaka kaskazi ivume," shangazi akamjibu, anapangusa tope kwenye leso. "Na ukiya kufukua kabla yake, utapata kuni."